Chemchemi ya Bath, mabomba ya joto na maji yanayorudi: jibu kwa msomaji

Swali: "Shikamoo mhandisi. Mimi ni mzaliwa wa Unguja, naishi Bath, Uingereza, huu mwaka wa nne. Fleti yetu imo katika nyumba ya mawe ya karne ya 18, dari liko juu, vioo vya madirisha ni vyembamba, na bili ya gesi haishikiki. Kanisa kuu la hapa linapashwa joto kwa chemchemi ya moto iliyo jirani yake. Mbona wasitumie hiyo hiyo kwa mji mzima, mabomba yakapita chini ya barabara na kila nyumba ikajipatia? Mwenye nyumba wetu anasema hiyo ni ndoto, mitaa ya kale haichimbwi, nyumba zitapasuka. Nani mkweli?"

Marahaba, mwanangu. Mwenye nyumba wenu amekosea, na wewe pia umekosea kidogo, ila kosa lako ni zuri zaidi kwa sababu linahesabika.

Basi tuhesabu. Chemchemi kuu ya hapo, ile inayolisha mabafu ya Warumi, hutoa zaidi ya lita milioni 1.1 za maji kwa siku, yenye joto la nyuzi 46 hivi. Ukisikia milioni unaona bahari. Igawanye kwa sekunde za mchana na usiku: zinabaki kama lita 13 kwa sekunde, yaani ndoo moja ambayo haijajaa. Tuseme tunayapoza maji hayo kutoka nyuzi 46 hadi 20. Kila lita ikishuka nyuzi moja inaachia kilojuli 4.2. Zidisha yote, unapata kama megawati 1.4. Nyumba ya mawe kama yenu, siku ya baridi kali, inataka kilowati 10 au zaidi. Kwa hiyo chemchemi nzima, bila kumwachia mtalii hata kikombe, ingetosha nyumba 140. Mji wenu una watu karibu laki moja.

Najua akili yako ilikopita, maana na mimi nilipita huko huko. Nilianza kazi Olkaria, Kenya, kwenye visima vya mvuke wa ardhini, na ukishasimama karibu na kisima cha Olkaria kinapofunguliwa, ule mngurumo unaokufanya uzibe masikio kwa viganja, kila maji moto ya ardhini unayaona ni mtambo wa umeme. Kule mvuke unatoka kwenye miamba yenye joto la nyuzi zaidi ya 200 na unazungusha tabo, yale mapanga yanayofua umeme. Hata mashamba ya maua ya Naivasha yamewahi kutumia joto la kisima kukausha unyevu ndani ya vibanda vyao usiku ili ukungu usile waridi. Maji ya Bath ni ya nyuzi 46. Hayo ni maji ya kuoga, tena ya kuoga mtu asiye na haraka.

Kanisa limefaulu kwa sababu nyingine. Warumi walijenga mfereji mkubwa wa mawe wa kupeleka maji ya ziada mtoni, na mfereji huo bado unafanya kazi hadi leo, hatua chache tu kutoka kanisani. Mafundi wakatumbukiza humo mapezi ya chuma ambayo ndani yake yanazunguka maji mengine safi. Ya chemchemi hayaguswi: yanapita, yanaacha joto, yanakwenda zake Mto Avon. Pampu za joto zinaliongeza joto hilo, kisha linaingia kwenye mabomba chini ya sakafu. Na sakafu yenyewe ilikuwa lazima ifumuliwe, maana chini yake kumezikwa maelfu ya watu na mawe yalikuwa yanadidimia. Jengo ni moja, chanzo kiko mlangoni, na sakafu ilikuwa inafumuliwa kwa hali yoyote. Bahati kama hiyo haijirudii mtaa wa pili.

Kuna na jambo la sheria. Mwaka 1810 chemchemi ilipungua ghafla, watu wakapata hofu, akaitwa William Smith, yule aliyekuja kuchora ramani ya kijiolojia ya Uingereza ya mwaka 1815. Alipofukua akakuta maji yamejipatia njia nyingine pembeni. Mji haujasahau. Sheria ya mwaka 1982 inalinda chemchemi hizo, na katikati ya mji ukitaka kuchimba kupita mita chache sharti uombe idhini. Kwa hiyo wazo la kutoboa visima virefu kila uani uliweke kando mapema.

Basi joto litoke wapi? Toka nje utembee hadi daraja la Pulteney uangalie chini. Mto ule ndio tajiri wenu, ingawa ukitia mkono mwezi wa pili unautoa mbio. Friji yako jikoni inanyonya joto kutoka kwenye maziwa ambayo tayari ni ya baridi na kulimwaga nyuma yake. Pitisha kiganja nyuma ya friji utalihisi. Pampu ya joto ni friji iliyokuzwa ikawa kubwa kama nyumba, na mto ndio maziwa. Ukichota mita moja ya ujazo ya maji kila sekunde na kuyapoza nyuzi 3 tu kabla ya kuyarudisha, unapata megawati 12 na zaidi, mara tisa ya chemchemi nzima. Kule Drammen, Norway, wanafanya hivyo kwa maji ya bahari tangu mwaka 2011: maji ya nyuzi 8 au 9 yanaingia, na upande wa pili yanatoka ya mji yenye nyuzi 90. Esbjerg, Denmark, wamejenga mtambo wa namna hiyo hiyo ufukweni, wa megawati zaidi ya 60, kuziba pengo la mtambo wa makaa ya mawe.

Pampu inakula umeme, kama uniti moja kwa kila uniti tatu za joto inazotoa. Zamani mtu angekwambia umeme wenyewe unatokana na makaa. Uingereza ilifunga mtambo wake wa mwisho wa makaa tarehe 30 Septemba 2024, kwa hiyo hoja hiyo imepoteza meno, ingawa gesi bado imo kwenye gridi. Shida halisi ya Avon ni kwamba mto unapoa sana zile siku ambazo mnahitaji joto zaidi. Kule Drammen wanachota chini kabisa ya maji ambako baridi haibadiliki. Mto mdogo hauna kina hicho. Kwa siku hizo chache za mwaka mtahitaji matangi makubwa ya maji moto na boila za akiba. Anayekuahidi mfumo usio na akiba anakuuzia kitu.

Sasa mitaa. Mwenye nyumba wenu asingesema haichimbwi kama angekaa kidogo Copenhagen, mji mkuu wa Denmark. Mji ule uliungua mwaka 1795, ukapigwa mizinga na Waingereza mwaka 1807, na nyumba nyingi za katikati ni zile zilizoinuliwa baada ya hapo: kuta nene, vyumba vya chini vyenye unyevu, vichochoro visivyopitisha magari mawili. Chini yake kote kuna mabomba ya joto. Walianza mwaka 1903 kule Frederiksberg, mji mdogo uliozungukwa na Copenhagen, kwa kuchoma taka na kupeleka joto hospitali. Mafuta yalipopanda mwaka 1973 Denmark ilikuwa inaagiza karibu nishati yake yote kutoka nje, Jumapili magari yakapigwa marufuku barabarani, na mwaka 1979 wakatunga sheria ya joto iliyozipa halmashauri mamlaka ya kupanga mtaa upi utumie nini. Leo karibu majengo yote ya Copenhagen yanapashwa kwa bomba la pamoja.

Kilichonipeleka huko mimi ni kazi ngumu zaidi ya kuanza upya. Katikati ya mji walikuwa na mtandao wa mvuke, wa tangu miaka ya 1920. Mvuke una nguvu lakini unapoteza joto njiani na haupatani na pampu za joto, kwa hiyo waliamua kuutoa wote na kuweka maji moto, mtaa kwa mtaa, kwa zaidi ya miaka kumi, huku watu wakiishi juu yake. Kuingiza joto mjini kutoka kisiwa cha Amager walitoboa handaki la kilomita 4, pana kiasi cha mtu kusimama na mabomba yakapita pembeni yake, chini sana kwenye mwamba wa chokaa. Bath handaki la namna hiyo lisahau. William Smith angefufuka.

Copenhagen wenyewe si malaika. Joto lao jingi linatokana na kuchoma kuni na taka, na kuni zinazokuja kwa meli si safi kama mahesabu ya ofisini yanavyosema. Walijiwekea lengo la kufuta kaboni yote ifikapo 2025, mwaka 2022 wakakiri halitafikiwa. Hata hivyo mtandao ukishakuwepo, kubadili chanzo ni suala la mtambo mmoja ulio nje ya mji. Nyumba elfu hazibishiwi hodi upya. Mimi naona hiyo ndiyo faida kuu ya bomba la pamoja, na huwa inatajwa mwisho.

Swali la kupasuka nyumba nalijibu kwa mtaro wenyewe. Bomba la joto la mtaani ni la chuma, limevikwa povu gumu la manjano, na juu ya povu kuna ganda la plastiki jeusi. Ni chupa ya chai iliyorefushwa. Bomba la chuma lenye kipenyo cha milimita 219 likishavishwa linafika milimita 315, na yako mawili, la kwenda na la kurudi. Yanalala juu ya mchanga uliochekechwa kwenye mtaro wenye kina cha mita moja na nusu hivi. Nyumba yenu ina chumba cha chini, bila shaka, na msingi wake uko chini kuliko mtaro huo. Kwa hiyo mtaro wa barabarani, ukikaa mbali na ukuta, hauugusi msingi. Kabla ya kazi mkandarasi mwangalifu anapiga picha kila ufa uliopo, anabandika vipimo vidogo vya kioo juu ya nyufa, na anatumia mashine ndogo za kushindilia udongo badala ya roli kubwa. Nyumba za mawe zilizokaa miaka 250 zimeona mabasi mazito kuliko hayo.

Hatari ya Bath iko kwingine, na hapa ningemshauri mwenye nyumba wenu abadilishe hoja yake. Wajenzi wa enzi ile hawakuchimba sana kwenda chini. Walijenga nyumba karibu na usawa wa shamba, kisha wakainua barabara juu ya vyumba vyenye paa la kuba, wakavitumia kuwekea makaa ya mawe. Shuka kwenye uwanja mdogo ulio mbele ya chumba chenu cha chini, uangalie upande wa barabara. Utaona mlango. Nyuma ya mlango huo, juu ya kichwa chako, ndiko magari yanakopita. Barabara yenu ina uwazi tumboni.

Jambo hili nalijua kwa mikono yangu. Miaka iliyopita, katika mji mmoja wa kale ambao sitautaja, tulipewa michoro iliyoonyesha kebo mbili na bomba la maji, basi. Asubuhi ya pili kijiko kikainua jiwe moja na chini yake kukawa na giza. Hewa ya baridi ikapanda, na harufu ya viazi vilivyooza. Ilikuwa stoo ya watu, paa lake la matofali lilikuwa sentimita 40 tu chini ya lami, haimo kwenye mchoro wowote, na mwenyewe alikuwa anaamini inaishia ukutani kwake. Hakuna aliyeumia. Tulisimama wiki tatu, tukapitisha mabomba upande wa pili wa mtaa, na kampuni iliyotoa michoro ikatuma barua ndefu ya kueleza kwamba si kosa lao. Tangu siku hiyo sikubali mtaro wa mji wa kale uanze kabla ya mtu kupita nyumba kwa nyumba na tochi na futi.

Udongo nao una wenyewe. Mabomba ya maji ya chuma ya tangu enzi za malkia Victoria yamekaa kimya karne nzima kwa sababu hakuna aliyeyagusa. Ukiusogeza udongo pembeni yake yanapasuka, na lawama zote zinakuja kwako. Chini zaidi kuna mji wa Warumi. Copenhagen walipochimba vituo vya metro walikuta makaburi ya zamani sana chini ya uwanja wa ukumbi wa jiji, ambayo hakuna aliyejua kuwa yapo. Kule sheria inamtaka anayechimba asimame na alipie uchunguzi. Faida ni kwamba mtaro wa joto ni wa kina kifupi, na tabaka la juu la mitaa mingi limeshafukuliwa na watu wa gesi, maji taka na simu mpaka halina siri. Weka pesa na miezi ya wanaakiolojia kwenye bajeti tangu siku ya kwanza na mambo yatakwenda.

Pale barabara isipokubali kabisa, mabomba hupita ndani ya vyumba vya chini, kutoka nyumba moja kwenda ya pili, yakining'inia darini. Kwa safu za nyumba zilizoshikana kama zenu hiyo ni njia nzuri kuliko zote: hakuna mtaro, na hata joto linalovuja linabaki ndani ya jengo. Kinachotakiwa ni wamiliki wote wa safu kutia sahihi. Nimeona mitaro ya kilomita nzima ikikamilika mapema kuliko sahihi kumi na mbili.

Usiku mmoja nilisimama kumwangalia fundi akifunga maungio, na hapo ndipo nilipoiheshimu kazi hii. Alichomelea chuma, akasubiri kipoe, akaunganisha nyaya mbili nyembamba za shaba zinazopita ndani ya povu. Nyaya hizo zinakaa humo milele. Siku maji yakipenya, umeme mdogo unaopita ndani yake unabadilika, na ofisini wanajua uvujaji uko mita ngapi kutoka kona gani, bila kufukua mtaa mzima. Kisha akavuta mkono wa plastiki juu ya kiungo, akaupasha ukabana, akamimina povu kwenye tundu. Povu likapanda, likachungulia kama uji unaotaka kumwagika, akaziba. Kiungo kimoja, dakika arobaini. Ubaya wa kiungo kama hicho unaonekana baada ya miaka kumi, na fundi wake hayupo tena. Ongeza na kwamba chuma kinarefuka kikipata moto: mita 100 zikipanda nyuzi 60 zinarefuka milimita 72, karibu upana wa vidole vinne. Kwenye uwanja mpana unalipatia bomba kona ya kujinyoosha. Kwenye kichochoro inabidi ulipashe moto kwanza, ulifukie likiwa limeshanyooka, ili likipoa livutane na udongo uliolishika.

Yote hayo yana ufumbuzi. Kitu kinachoangusha miradi ya miji ya kale, kwa kadiri nilivyoona, ni maji yanayorudi.

Tuseme maji yanaingia jengoni kwenu yakiwa nyuzi 70. Yakirudi nyuzi 30, kila lita imeshusha nyuzi 40 kwenu. Yakirudi nyuzi 50, imeshusha 20 tu. Ni hamali anayeleta gunia sokoni, akamwaga nusu, akarudi na nusu nyingine mgongoni: njia ile ile, jasho lile lile. Bomba nililolitaja juu, lile la milimita 219, likiendeshwa vizuri linabeba kama megawati 8 kwa tofauti ya nyuzi 40. Kwa tofauti ya 20 linabeba 4. Ukitaka 8 zako unahitaji bomba ambalo ganda lake linafika milimita 450, na mtaro mpana zaidi, katika barabara ambayo haina hata sentimita ya kukupa. Juu ya hapo, pampu ya joto ya mtoni inapenda maji baridi. Ukiirudishia ya moto inakula umeme zaidi. Kwa hiyo upana wa mtaro na bei ya joto vinaamuliwa ndani ya vyumba vya watu, kwenye radieta, yale mabamba ya ukutani yanayopitisha maji moto.

Habari njema ni kwamba radieta za nyumba za kale mara nyingi ni kubwa, zile nzito za chuma cha kusubu, ziliwekwa wakati dirisha lilikuwa linapitisha upepo kama chekecheke. Ukipunguza upepo, radieta ile ile inatosha kwa maji ya uvuguvugu zaidi. Sura ya mbele ya nyumba hairuhusiwi kuguswa, ni sawa, lakini kioo cha pili kinawekwa upande wa ndani na mpita njia hakioni. Na nyumba zenu nyingi zina vifuniko vya mbao vilivyokunjwa ndani ya fremu ya dirisha. Watu wanavipaka rangi vikagandamana, wanadhani ni pambo. Vikwangue, uvifunge usiku. Hiyo ni kazi ya Jumamosi moja.

Tabia za watu ni ngumu kuliko mbao. Mtu anayetaka kubana matumizi anafunga radieta tano na kuiacha moja iwake kwa nguvu zote. Anadhani ameokoa. Maji yanapita mbio kwenye ile moja, hayapati nafasi ya kupoa, yanarudi moto. Afadhali zote ziwe wazi kidogo. Denmark kampuni nyingi za joto zinatoza zaidi jengo linalorudisha maji moto na kulipunguzia linaloyarudisha baridi, ndiyo maana utamkuta bibi wa miaka 80 anayejua nyuzi za maji yake yanayorudi kama anavyojua sukari yake. Niliwahi kuitwa kwenye jengo la fleti 24 lililokuwa linarudisha maji ya nyuzi 58 na kulipa faini kila mwaka. Wakaaji walishalaumiana vya kutosha. Aliyeshukiwa zaidi alikuwa mama mmoja wa ghorofa ya tatu mwenye watoto wadogo. Tulizunguka siku mbili. Mkosaji alikuwa koki moja ya njia ya mkato, nyuma ya rafu ya rangi kuukuu kwenye chumba cha chini, iliyoachwa wazi na fundi aliyemaliza kazi na kwenda zake. Robo saa, spana moja.

Kuna mpaka wa kushusha joto. Maji ya bomba la kuogea yakikaa vuguvugu kwenye tangi yanaotesha bakteria wa lejionela, wanaoshambulia mapafu, kwa hiyo tangi huwekwa nyuzi 60. Majengo mengi mapya ya mitandao hii yanakwepa tangi kabisa: maji ya kuoga yanapashwa papo hapo kwenye kibadilisha joto cha sahani kilicho ukutani, kidogo kama begi la shule. Kikishafungwa, boila yenu ya gesi inatoka na moshi wake unatoka nayo.

Kuhusu pesa, kuwa macho. Denmark kampuni ya joto ya umma kisheria haitengenezi faida. Inatoza gharama zake basi. Uingereza mambo yalikuwa holela: waliounganishwa kwenye joto la pamoja hawakuwa na kikomo cha bei kama wenzao wa gesi, na mwaka 2022 baadhi yao bili zilipanda mara kadhaa bila pa kushitaki. Sheria ya nishati ya mwaka 2023 ilileta usimamizi, na Ofgem, mamlaka ya gesi na umeme ya huko, ndiyo inayosimamia sasa. Siku mkiitwa kwenye kikao, swali la kwanza lisiwe kuhusu mto wala nyufa. Ulizeni mkataba ni wa miaka mingapi, bei inafungwa kwenye nini, na mkitaka kujitoa mnajitoaje. Bomba likishaingia hakuna bomba la pili la mshindani.

Na kwa nini wasifunge pampu ya joto kila nyumba? Kwa nyumba yenye uani na mwenye mmoja, wafunge, mimi sipingi. Yenu ni safu ya mawe inayolindwa na sheria, fleti juu ya fleti, hakuna pa kuweka feni sita zinazonguruma, na waya za umeme za mtaa wa kale hazikupangwa kwa mzigo huo.

Unaweza kujua hata kabla ya kikao kama jengo lenu liko tayari. Subiri wiki yenye baridi hasa, ya Januari. Kama boila yenu ni ile isiyo na tangi, tafuta kitufe cha joto la maji ya radieta, siyo cha maji ya kuoga, ukishushe hadi 55. Fungua radieta zote, ziache zikae siku mbili. Kama chumba kimekaa sawa, nyumba yenu inaweza kuishi kwa maji ya mtandao wa kisasa leo hii, na bili yako ya gesi nayo itakuwa imepungua kidogo. Kama mmetetemeka, andika ni chumba gani. Huwa ni kimoja au viwili, na dawa yake ni radieta kubwa zaidi au lile dirisha. Kisha nenda kwenye radieta ya sebuleni. Shika juu, halafu shika chini. Juu iwe moto, chini iwe kama kikombe kilichosahauliwa mezani. Ikiwa chini nako kunaunguza, maji yanapita bila kufanya kazi, na koki iliyo miguuni mwake inataka kubanwa nusu mzunguko.

Kile kimlango cha chini ya barabara nacho kipime, urefu na upana, na uone paa lake liko umbali gani kutoka lami. Niandikie vipimo na nyuzi ulizopata.